Nyapara wa Cavendish: kisa cha Phineas Gage na chimbuko la maadili

Alasiri ya tarehe 13 Septemba 1848, yapata saa kumi na nusu, vibarua walikuwa wanapasua mwamba nje ya mji mdogo wa Cavendish, jimbo la Vermont, Marekani, kupisha reli ya Rutland na Burlington. Nyapara wao alikuwa Phineas Gage, kijana wa miaka 25. Kazi ya kulipua mwamba ina mpangilio wake. Tundu linatobolewa, baruti inamiminwa, utambi unapitishwa, kisha mchanga unatiwa juu na kushindiliwa kwa mtaimbo ili nguvu ya mlipuko isirudi juu. Inaelekea siku hiyo mchanga ulikuwa haujatiwa. Mtaimbo uligusa mwamba, cheche ikaruka, baruti ikawaka. Chuma kiliingilia chini ya shavu la kushoto, kikapita nyuma ya jicho, kikatokea utosini na kwenda kuanguka mita 25 hivi nyuma yake, kimetapakaa damu na ubongo.

Mtaimbo wenyewe Gage alimtengenezesha mhunzi kwa vipimo vyake: urefu sentimita 109, unene sentimita 3.2, uzito kilo 6, laini, na ncha moja imechongoka. Ncha hiyo ndiyo iliyotangulia, na pengine ndiyo iliyomwokoa. Kama kingetangulia kile kichwa butu, kisa hiki kingeishia hapo hapo penye mwamba.

Gage alitupwa chali, akatetemeka mikono na miguu kidogo, na baada ya dakika chache akawa anaongea. Alipandishwa gari la kukokotwa na maksai, akakaa wima mwendo wa zaidi ya kilomita moja hadi nyumba ya wageni alikopanga. Daktari wa kwanza kufika, Edward Williams, alimkuta amekaa kwenye kiti nje, na mgonjwa ndiye aliyeanza mazungumzo: alimwambia daktari kwamba kazi ya kumtosha hiyo hapo. Saa kumi na mbili jioni alifika John Harlow, daktari kijana wa mji, akamchukua mikononi mwake. Ziliandama wiki za homa, usaha na kupotewa na fahamu. Wakati mmoja jeneza na nguo za maziko vilikuwa tayari vimeandaliwa. Harlow alipasua jipu lililotunga chini ya ngozi ya kichwa, usaha ukatoka, na mgonjwa akaanza kurudi. Kabla Novemba haijaisha Gage alikuwa amerudi kwa wazazi wake, jimbo la New Hampshire. Jicho la kushoto lilipofuka. Alitembea, alisema, alikumbuka, alihesabu.

Ukisoma kisa hiki kama habari ya mtu kupona kimiujiza, huna haja ya kuendelea. Kilichokifanya kidumu katika vitabu vya saikolojia ni kile ambacho jamaa zake walianza kusema baadaye: kwamba huyu si Gage tena.

Alichokiandika Harlow

Kabla ya ajali, waajiri wake walimhesabu kuwa nyapara hodari kuliko wote waliokuwa nao: mchangamfu, mwenye akili ya kazi, anayepanga jambo na kulifikisha mwisho. Baada ya ajali, waajiri hao hao walikataa kumrudishia nafasi yake. Harlow anamweleza kuwa mtu asiyetulia, mwenye matusi mazito ambayo zamani hayakuwa desturi yake, asiyewajali wenzake sana, asiyevumilia kuzuiwa wala kushauriwa pale ushauri unapopingana na matakwa yake, mkaidi na wakati huo huo kigeugeu, anayebuni mipango mingi na kuiacha kabla haijapangika. Kwa maneno ya Harlow, ule mizani kati ya akili yake na tamaa zake za kinyama ulikuwa umevunjika.

Kipo kituko kingine kidogo ambacho wengi hukiruka. Wakati anapata nafuu, Gage alikuwa na vijiwe alivyoviokota, na akasema hata akipewa dola 1000 havitoi. Harlow alikiandika kama dalili kwamba mgonjwa wake hapimi tena vizuri ukubwa wa vitu wala thamani ya pesa. Mimi nakiona ni dalili ya jambo pana zaidi. Hesabu anaijua. Dola 1000 anajua ni nyingi. Kinachokosekana ni ule uzito unaofanya kitu kimoja kimguse mtu kuliko kingine. Shikilia hapo, kwa sababu kisa chote kinaning'inia kwenye tofauti hiyo: kujua jambo, na kuguswa nalo.

Gage hakusahau kwamba matusi ni vibaya. Hakuna popote Harlow anaposema mtu huyu alichanganya wema na ubaya, au kwamba ukimuuliza kama kuiba ni sawa atakujibu ndiyo. Kama maadili yangekuwa orodha ya amri zilizohifadhiwa kichwani, tungetarajia moja ya mambo mawili: ama amri zifutike pamoja na nyama ya ubongo iliyotoka, ama zibaki na mtu abaki mwadilifu. Hapa amri zilibaki na mtu akabadilika.

Tahadhari kabla ya kuendelea

Ushahidi ni mwembamba kuliko umaarufu wa kisa. Barua ya kwanza ya Harlow, ya mwaka huo huo wa 1848, inahusu zaidi jeraha na tiba. Mwaka 1850 Henry Bigelow, daktari mpasuaji wa Harvard, baada ya kumkagua Gage mjini Boston alitangaza kwamba amepona kabisa, mwili na akili. Maelezo ya mabadiliko ya tabia ambayo kila mtu anayanukuu yalichapishwa mwaka 1868, miaka minane baada ya Gage kufa, na ni aya chache tu.

Madaktari wote wawili walikuwa na miwani yao. Wakati huo frenolojia ilikuwa inavuma: imani kwamba kila sifa ya mtu, tangu heshima hadi ukarimu, ina kiungo chake ndani ya ubongo, na kwamba vinundu vya fuvu vinaonyesha ukubwa wa kila kimoja. Harlow alikuwa na mwelekeo wa kuamini hayo, kwa hiyo haya na adabu zikiharibika baada ya sehemu fulani kutobolewa, yeye hashangai. Bigelow alikuwa upande unaopinga, na kwake mtu aliyepoteza ubongo kiasi kile na bado anakula na kuongea ni ushahidi kwamba mambo hayagawanyiki hivyo. Kila mmoja alimpata Gage aliyemhitaji.

Kisha wakaja waliosimulia baadaye, nao wakaongeza chumvi. Gage akawa mlevi, mpigaji wa mke, mzururaji asiyeweza kazi hadi kufa. Ulevi na uzururaji havimo katika maandishi ya waliomjua, na mke hakuwahi kuwa naye. Malcolm Macmillan, mwanasaikolojia wa Australia, alitumia miaka mingi kufuatilia kila karatasi ya kisa hiki, na kitabu chake cha mwaka 2000 kiliwaonyesha wenzake jinsi nyumba kubwa ilivyojengwa juu ya msingi mdogo. Nadhani alikuwa na haki. Lakini hakusema kwamba hakuna kilichobadilika, nami sisemi hivyo. Waajiri waliomwona kila siku hawakuwa na nadharia yoyote ya ubongo ya kutetea, na ndio waliomkatalia kazi.

Fuvu

Gage alikufa California tarehe 21 Mei 1860, baada ya miezi ya kuanguka kifafa. Harlow alipata habari miaka kadhaa baadaye, akaiomba familia, na mwaka 1867 kaburi likafukuliwa. Fuvu na mtaimbo viko hadi leo katika jumba la makumbusho ya anatomia la Warren, Chuo Kikuu cha Harvard.

Ubongo wenyewe haukuhifadhiwa, kwa hiyo wanasayansi wamelazimika kukisia njia ya chuma kutokana na matundu ya mifupa. Mwaka 1994 Hanna Damasio na wenzake walitumia vipimo vya fuvu na kompyuta, wakasema kilichoharibika ni eneo la chini na katikati la ubongo wa mbele, juu kidogo ya macho, pande zote mbili. Mwaka 2004 timu nyingine ilipiga fuvu picha za kisasa zaidi, ikahitimisha kwamba chuma hakikuvuka kwenda kulia. Mwaka 2012 John Van Horn na wenzake nao walibaki upande wa kushoto, ila wakaongeza jambo: gamba la ubongo lililoharibiwa lilikuwa kama asilimia 4, lakini nyaya nyeupe zinazounganisha eneo hilo na sehemu nyingine za ubongo ziliharibika kwa takriban asilimia 11.

Takwimu hiyo ya mwisho naiona nzito kuliko ubishi wa kushoto na kulia. Inaashiria kwamba Gage alipoteza mawasiliano zaidi ya alivyopoteza kiungo. Frenolojia ilitafuta kijumba cha heshima na kijumba cha huruma. Kilichokatika hapa ni njia za kupitisha habari kati ya sehemu zinazofikiri na sehemu zinazohisi, zile zinazopandisha mapigo ya moyo, zinazotoa jasho viganjani, zinazokunja tumbo unapokaribia kufanya jambo la aibu.

Mgonjwa aliyefaulu mtihani wa maadili

Gage hatuwezi kumpima tena. Wapo wengine waliopata jeraha la eneo hilo hilo katika enzi ya vipimo, na aliyefundisha zaidi ni mtu anayejulikana katika majarida ya tiba kwa herufi EVR. Paul Eslinger na Antonio Damasio waliandika habari zake mwaka 1985. Alikuwa mhasibu, mume, baba, mtu wa kutegemewa. Akiwa na miaka 35 aliondolewa uvimbe uliokuwa unabana ubongo wa mbele, na sehemu ya ubongo iliyoharibika ikaondolewa nao. Baada ya hapo akawa anaingia ubia na watu ambao kila mtu alimwonya nao, akafilisika, ndoa ikavunjika, akaoa tena na kuachana, hakudumu kazini. Alipopimwa akili alipata alama za juu.

Lililofuata ndilo linalonifanya nimhesabu muhimu kuliko Gage mwenyewe. Alipewa maswali ya maadili yanayofuata mfumo wa mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg, yale ambayo mtu anaelezwa tatizo gumu na anatakiwa aseme lipi ni haki na kwa nini. Majibu yake yalikuwa ya kiwango cha juu, kiwango ambacho watu wazima wengi hawakifikii. Kwenye karatasi alikuwa mwanafalsafa. Nje ya karatasi maisha yake yalikuwa yanaporomoka.

Watafiti walirudi kwenye mwili. Ukimwonyesha mtu picha ya maiti au ya mtu aliyejeruhiwa vibaya, ngozi ya viganja hutoa jasho kidogo ambalo mashine inalipima hata kama mwenyewe halihisi. Wagonjwa wenye jeraha la eneo hili hawakutoa jasho hilo, ingawa waliweza kueleza vizuri kwamba picha inatisha. Kisha ikaja michezo ya karata ya Antoine Bechara. Mtu anachagua karata kutoka mafungu manne. Mawili yanatoa zawadi kubwa na hasara kubwa zaidi, mawili yanatoa kidogo lakini yanalipa mwishowe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, watu wenye afya viganja vyao vilianza kutoa jasho kila walipoelekea kwenye fungu baya kabla hawajaweza kueleza kwa nini. Wagonjwa hawakutoa jasho. Baadhi yao walifika hadi wakajua na wakasema ni mafungu gani yanaumiza, na bado wakaendelea kuyachagua.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya kamari, maadili yako wapi? Yako pale mwili unapotangulia kusema "usifanye" kabla hoja haijakamilika. Kumtukana mzee, kumwibia anayekuamini, kumwacha mtoto analia: watu wengi hawafiki kwenye hatua ya kujenga hoja, kwa sababu kitu ndani yao kimeshakataa. Mwanafalsafa David Hume aliandika katika karne ya 18 kwamba akili pekee haimsukumi mtu kutenda. Mwanafalsafa mwingine, Immanuel Kant, alimpinga, akataka wajibu usimame juu ya akili peke yake. EVR si hukumu ya mwisho katika kesi yao, maana Kant alizungumzia linalopasa kuwa na sio tabia za wagonjwa. Lakini kama swali ni kiumbe huyu anaendeshwa na nini siku kwa siku, upande wa Hume ndio wenye ushahidi.

Sio baridi tu

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema kwamba jeraha linamfanya mtu awe mashine isiyo na hisia. Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio linaloonekana kuunga mkono hilo. Michael Koenigs na wenzake waliwauliza wagonjwa sita wenye jeraha hili maswali kama haya: mmejificha, maadui wako nje, mtoto wako anaanza kulia; ukimziba pumzi atakufa, usipomziba mtauawa wote. Wagonjwa walikubali kumziba mara nyingi kuliko watu wengine. Pale tatizo lilipokuwa halimtaki mtu atende ukatili kwa mkono wake mwenyewe, majibu yao yalikuwa kama ya kila mtu.

Mwaka huo huo Koenigs na Daniel Tranel walitoa matokeo ya mchezo mwingine. Mmoja anapewa pesa na kupendekeza mgawanyo. Wa pili akikataa, wote wanakosa. Mtu baridi wa hesabu angekubali chochote, kwani kidogo ni bora kuliko sifuri. Wagonjwa wenye jeraha hili walikataa mgawanyo wa dhuluma mara nyingi zaidi ya watu wenye afya. Walikasirika, na hasira ikawa ghali.

Kwa hiyo hisia zipo. Kinachoonekana kukosekana ni hisia za aina fulani: zile zinazohusu mwingine, na zile za jambo ambalo halijatokea bado, kama aibu itakayokuja, majuto yatakayokuja, maumivu ya mwenzako yatakayotokana na mkono wako. Hasira ya sasa hivi, ya kudhulumiwa wewe mwenyewe, inabaki nzima na pengine bila breki. Rudi sasa kwa Gage wa Harlow, yule asiyevumilia kuzuiwa na mwenye matusi mepesi mdomoni. Picha inalingana kuliko nilivyotarajia kwa maandishi ya mwaka 1868.

Kitu cha kale kuliko sheria

Kama maadili yangeanzia kwenye mahubiri na vitabu vya sheria, mfumo huu wa jasho na tumbo kukunjika ungekuwa wa ajabu. Usingekuwa na sababu ya kuwapo. Mwaka 1871 Darwin alitoa wazo lililo rahisi kulisema na gumu kulikwepa: mnyama yeyote mwenye silika imara za kuishi kwa jamii angeota dhamiri mara akili yake ikifikia kiwango cha binadamu, kwa sababu angeweza kukumbuka alichokitenda na kukilinganisha na silika aliyoisaliti. Dhamiri, kwa maelezo haya, ina wazazi wawili. Silika ya jamii ni mmoja, kumbukumbu ni wa pili. William Hamilton mwaka 1964 alionyesha kwa hesabu jinsi kumsaidia ndugu kunavyoweza kuenezwa na uteuzi wa asili (viumbe wenye sifa zinazofaa kuacha uzao mwingi zaidi), na Robert Trivers mwaka 1971 akaeleza jinsi kusaidiana kwa wasio ndugu kunavyoweza kudumu pale viumbe wanapokutana tena na tena na kuwakumbuka waliowatapeli.

Nadharia hizo zinaeleza kwa nini. Kwa upande wa namna gani, jaribio ambalo halinitoki ni la Jules Masserman na wenzake, la mwaka 1964. Nyani aina ya rhesus walifundishwa kuvuta mnyororo ili wapate chakula. Kisha mnyororo ukaunganishwa na umeme: kila ukivutwa, nyani mwingine anayeonekana upande wa pili anapigwa shoti. Wengi waliacha kuuvuta na kuchukua njia yenye chakula kidogo. Mmoja alikaa siku 12 bila kuvuta mnyororo wowote, yaani alishinda njaa. Waliowahi kuonja shoti wao wenyewe walisita zaidi, na waliokuwa wanamjua mwenzao vilevile. Nyani hao hawakufundishwa amri yoyote. Leo jaribio la namna hiyo halingeruhusiwa, na ni haki lisiruhusiwe. Kuna kichekesho kichungu katika kuwapima wengine huruma kwa njia hiyo.

Kwa watoto, Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba mtoto wa miezi 18 akiona mtu mzima ameangusha kitu asichoweza kukifikia, au amejaza mikono na hawezi kufungua kabati, mara nyingi atakwenda kumsaidia bila kuombwa na bila kuahidiwa kitu. Sokwe wadogo nao walisaidia, ingawa katika mambo mepesi tu kama kuokota kilichoanguka.

Hakuna katika hayo kinachosema tunazaliwa wema. Nyani walewale hupigana vibaya, na mtoto wa miezi 18 anaweza kumng'ata mwenzake dakika moja baada ya kumsaidia mtu mzima. Kinachoonekana ni kwamba malighafi ipo kabla ya mafundisho. Mafundisho yana mahali pa kushika.

Waliojeruhiwa kabla ya kujifunza

Swali linalobaki ni je, mafundisho yanaweza kushika mahali pasipo na malighafi hiyo? Hakuna anayeweza kulijibu kwa kumjeruhi mtoto makusudi. Ajali na maradhi yamelijibu kwa sehemu. Mwaka 1999 Steven Anderson na wenzake walieleza habari za watu wazima wawili walioumia eneo hilo la ubongo wakiwa wachanga: mmoja akiwa na miezi 15 kwa ajali ya gari, mwingine akiwa na miezi 3 kwa uvimbe ulioondolewa. Wote walilelewa katika nyumba tulivu na wazazi wenye elimu, na ndugu zao walikua vizuri. Wao walikua wakidanganya na kuiba, adhabu haikuwabadilisha, na majuto hayakuonekana.

Hapo ndipo wanapoachana na EVR. Yeye alifaulu mtihani wa Kohlberg. Hawa wawili walijibu kama watoto wadogo: jambo baya ni lile litakalokuletea adhabu. Akili zao za kawaida zilikuwa nzima, shule walikwenda, maneno ya maadili waliyasikia maelfu ya mara. Hayakujikita.

Ni wagonjwa wawili tu, na mtu akiwa mkali atasema wawili si sampuli. Lakini tofauti kati yao na EVR inatoa dokezo ambalo hoja za kifalsafa peke yake zisingelifikia. Hisia zinaelekea kuwa mwalimu katika utoto na msukumo katika utu uzima. Ukimpoteza mwalimu mapema, somo lenyewe haliingii. Ukiupoteza msukumo ukubwani, somo linabaki kichwani bila mtu wa kulitekeleza. Ndiyo maana siridhiki na swali la kama maadili ni ya kuzaliwa nayo au ya kufundishwa. Katika visa hivi, kimoja hakionekani bila kingine kukibeba.

Chile

Sasa kipande cha maisha ya Gage ambacho vitabu vingi vilikiacha. Baada ya ajali alijionyesha kwa muda, mtaimbo mkononi, hata katika jumba la maonyesho la Barnum, mfanyabiashara wa vioja, mjini New York. Kisha alifanya kazi kama mwaka mmoja na nusu kwenye zizi la farasi wa kukodisha huko Hanover, New Hampshire. Mwaka 1852 alikwenda Chile, na huko kwa miaka kadhaa alitunza farasi na kuendesha magari makubwa ya abiria kwenye njia ya Valparaíso na Santiago.

Fikiria kazi hiyo inataka nini. Kuamka usiku, kuwalisha na kuwafunga farasi sita, kupokea nauli, kuwavumilia abiria katika nchi ambayo lugha yake ulijifunza ukubwani, kuendesha saa nyingi kwenye barabara mbovu ambako kosa moja linawaua watu. Huyu si mtu aliyeelezwa na Harlow. Daktari mmoja aliyekuwa akiishi Chile na kumjua vizuri alitoa taarifa kwamba alikuwa na afya njema na akili zake hazina kasoro. Macmillan na mwenzake Matthew Lena wanaona hapo dalili za kupona kijamii: kazi yenye ratiba isiyobadilika, hatua moja ikiita nyingine, ilimrudishia kutoka nje mpangilio ambao ndani ulikuwa umekatika.

Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa, nikiongeza la wale wawili walioumia utotoni. Gage alikuwa na miaka 25 chuma kilipopita. Robo karne ya kuzuiwa, kusifiwa, kuona haya na kuwajibika ilikuwa imeshaingia, tena imeenea sehemu nyingi za ubongo ambazo mtaimbo haukuzigusa. Farasi wanaosubiri kulishwa na abiria wanaosubiri saa ya kuondoka walikuwa na kitu cha kushika ndani yake.

Lakini mwisho wake unatatiza maelezo hayo mazuri. Mwaka 1859, afya ikidhoofika, aliondoka Chile akaenda kwa mama yake San Francisco, akapata nguvu na kuanza kibarua mashambani. Februari 1860 kifafa kikaanza. Mama yake alimsimulia Harlow kwamba katika miezi hiyo alihama kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine, kila mahali akiona jambo lisilompendeza. Je, ni Gage wa 1849 aliyerudi kwa sababu ratiba ya Chile ilikuwa imeondoka? Au ni ubongo uliokuwa unawaka kifafa, ambao ungemfanya mtu yeyote ashindwe kutulia? Mambo hayo mawili yalimjia pamoja, katika mtu mmoja, ndani ya miezi michache, na fuvu lililoko Harvard haliwezi kuyatenganisha.